Jina Lililo Chini ya Picha



Swali ninalotaka tulitafakari leo nililetewa na bodaboda. Si bodaboda niliyopanda, ni bodaboda niliyoichora.

Miaka michache iliyopita nilichora mashetani wanne wamepakizana kwenye pikipiki moja, wanapanda mlima wa kutoka Masasi kuja kwetu Newala. Mmoja ana masikio makubwa kama majani ya mgomba. Wa nyuma kabisa kakumbatia gunia la korosho. Wa katikati anatafuna muwa, maganda anawatupia waendao kwa miguu. Dereva haangalii njia, anaangalia simu. Kila aliyewahi kupanda barabara ile anawafahamu watu hao. Nilikuwa nachora huku nacheka peke yangu.

Mfanyabiashara mmoja, aliyekuwa anakuja Masasi kukusanya vinyago na picha za kwenda kuuza mjini, akaitazama picha ile kwa muda mrefu. Halafu akaniambia, "Dogo, mkono wako ni wa Lilanga kabisa. Nichoree nyingine kama hii, ila toa hiyo bodaboda. Mzee alifariki 2005, wakati ule bodaboda zilikuwa hazijajaa namna hii. Na pale chini usiandike jina lako, andika la kwake. Nakupa laki tatu."

Picha zangu wakati huo nilikuwa nauza elfu ishirini. Ikienda sana, elfu thelathini.

Niliitoa bodaboda. Niliandika jina lake. Nilipokea laki tatu.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: kuna tofauti gani kati ya kupokea kitu kutoka kwa mtu aliyekutangulia na kumwibia? Maana mimi nilimpenda Lilanga kweli. Nilijifunza kwake karibu kila kitu. Na bado nilimwibia. Inawezekanaje mtu akafanya yote mawili kwa mkono uleule?

Lilanga ni nani

Kwa wasiomfahamu, George Lilanga ni mtu wa huku kwetu. Alizaliwa mwaka 1934 katika kijiji cha Kikwetu, wilaya ya Masasi, katika familia ya Kimakonde. Alianza na kuchonga, kama Wamakonde wengi. Miaka ya mwanzo ya 1970 akaenda Dar es Salaam, ambako alikuwepo mjomba wake, mchongaji Augustino Malaba. Kazi aliyoipata ni ulinzi wa usiku katika Nyumba ya Sanaa.

Hapo naomba tusimame kidogo. Nyumba ya Sanaa ilianzishwa mwaka 1972 na mtawa wa shirika la Maryknoll, Sista Jean Pruitt, ili vijana wenye vipaji wasio na pa kuanzia wapate mahali pa kujifunza na kuuza kazi za mikono yao. Mlinzi wa usiku akaonyesha vinyago vyake, watu wakaona huyu si wa kukaa getini tu. Akaingizwa miongoni mwa wasanii. Akachora juu ya ngozi za mbuzi, akafanya batiki, akatengeneza michoro ya chuma, na baadaye akachora kwa rangi kali juu ya silingibodi na vitambaa. Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington, Marekani, kisha zikasambaa Ulaya na kwingineko. Uzeeni alisumbuliwa na kisukari hadi akakatwa miguu, lakini hakuacha kuchora. Alifariki Dar es Salaam mwezi Juni 2005.

Huwa nafurahi nikikumbuka kwamba katika maisha ya mtu huyu kuna mlango, na aliyeufungua mlango huo ni sista. Wakati mwingine tunadhani utume wa Kanisa ni mahubiri peke yake.

"Wewe mwanakwaya, unachoraje mashetani?"

Mimi Lilanga nilikutana naye kwenye kalenda ya zamani iliyokuwa imetundikwa sebuleni kwa mjomba wangu. Miezi yake ilikuwa imeshapita siku nyingi, lakini hakuna aliyeitoa kwa sababu ya zile picha. Nilikuwa darasa la sita. Nilisimama mbele ya kalenda ile nikasahau nilichotumwa.

Mashetani wa Lilanga hawatishi kama unavyodhani ukisikia hilo neno. Wana matumbo ya mviringo, midomo iliyochomoza, macho yaliyotoka, masikio makubwa, vidole viwili au vitatu. Wamepakwa rangi za kung'aa, na nafasi yote iliyobaki imejazwa nukta na mistari midogomidogo, hakuna pa kupumzisha jicho. Na wanafanya nini? Wanafanya tunayofanya sisi. Wanapika, wanakunywa pombe, wanapiga ngoma, wanabishana, wanampeleka mgonjwa hospitali.

Nilipoanza kuchora mambo hayo, mama mmoja wa jumuiya yetu alikuja juu. "Wewe mwanakwaya, unachoraje mashetani? Huogopi?" Nilikosa jibu. Aliyenisaidia ni mwalimu wetu, katekista wa kigango, mzee ambaye ujana wake aliwahi kukaa na wachongaji. Alinieleza kwamba neno shetani midomoni mwa wachongaji wa Kimakonde si lazima liwe yule Ibilisi wa kwenye Injili. Ni viumbe wa porini wa masimulizi, wenye vituko, wengine wabaya, wengine wachekeshaji tu. Uchongaji huo wa mashetani ulishika kasi miaka ya 1950, na anayetajwa kuwa aliuanzisha ni mchongaji Samaki Likonkoa. Lilanga aliukuta. Alichofanya ni kuwatoa mashetani hao kwenye mpingo mweusi, akawapaka rangi na kuwapeleka sokoni, kilabuni na kwenye foleni ya daktari.

Kisha mwalimu akaniuliza, "Ukiwachora unawaabudu?" Nikasema hapana, mwalimu. "Unawaogopa?" Hapana. "Basi unawachora kwa nini?"

Jibu nililipata baadaye sana. Nawachora kwa sababu nikiwaangalia najiona. Yule shetani mwenye mdomo mrefu ni mimi siku nilipopeleka maneno ya jirani kwa jirani mwingine. Yule mwenye tumbo ni mimi kwenye sherehe ya kipaimara ya mdogo wangu, sahani ya tatu. Padre hutufundisha kuchunguza dhamiri kabla ya kulala, na mimi nikiri, kwa miaka mingi nilikuwa nasinzia katikati. Picha za Lilanga zilinifundisha kuchunguza dhamiri nikiwa macho. Zilinionyesha ubaya wa mwanadamu bila kumchukia mwanadamu. Unacheka kwanza, halafu katikati ya kicheko unagundua unayemcheka ni nani.

Hicho ndicho nilichopokea kwake. Mnisamehe kama nimekieleza kwa kirefu, lakini bila hicho hamtaelewa nilichopoteza.

Laki tatu

Mwaka ule ubwiriunga ulikuwa umeshambulia maua ya mikorosho yetu. Salfa tulichelewa kuipata. Mdogo wangu alikuwa amechaguliwa kidato cha tano, mbali, anahitaji godoro, sare, nauli na vitu vingine vingi ambavyo barua ya shule inavitaja vimepangwa kama litania. Bibi alikuwa ameshauza mbuzi wawili. Kwa hiyo laki tatu ilikuwa na sura. Ilikuwa na sura ya mdogo wangu amesimama stendi na tranka lake.

Sisemi haya ili mnionee huruma. Nasema kwa sababu dhambi nyingi za vijana haziji zimevaa pembe. Zinakuja na barua ya shule mkononi.

Nikakaa kuchora. Kutoa bodaboda kulikuwa rahisi, unaanza na ubao mpya tu. Lakini bodaboda ikitoka, simu nayo inabaki bila kazi, nikaitoa. Yule wa kumwaga maganda ya muwa alikuwa anawatupia waendao kwa miguu, sasa kama hakuna safari hakuna wa kutupiwa, nikamtoa muwa. Nikabaki na mashetani wanne wamekaa kwenye benchi. Mikono ilikuwa sahihi, rangi zilikuwa sahihi, nukta nilizijaza vizuri kabisa. Sikucheka hata mara moja.

Yule mfanyabiashara akaniambia niiweke picha jikoni kwa bibi siku chache ishike moshi, ionekane ya zamani. Niliiweka. Bibi akauliza, "Mjukuu wangu, mbona hii umeileta huku iharibike?" Nikamwambia rangi haijakauka. Huo ulikuwa uongo wa pili, na ulikuja wenyewe bila kutafutwa.

Baada ya hiyo nilichora nyingine mbili.

Visingizio vyangu

Nilikuwa na hoja, tena hoja nzuri. Naomba nizitaje kwa haki, kwa sababu huenda na wewe unazo.

Ya kwanza: kila msanii anaiga. Hii ni kweli. Huku kwetu mtoto hajifunzi kuchonga kwa kusoma. Anakaa karibu na fundi, anapewa kipande cha mti, anarudia anachokiona mpaka mkono uzoee. Hata Mtume Paulo aliwaambia Wakorintho wamwige yeye kama yeye anavyomwiga Kristo. Lilanga mwenyewe mashetani hakuwatoa hewani, aliwapokea kwa wachongaji waliomtangulia. Kwa hiyo kuiga si dhambi. Mtindo ni kama lugha, hakuna mtu anayenunua maneno ya Kiswahili kabla ya kuongea.

Ya pili: hata Lilanga alikuwa na wasaidizi. Hii nayo ni kweli. Inafahamika kwamba hasa alipokuwa mgonjwa, vijana walimsaidia kazi, naye akaweka jina. Kama wao walipaka rangi na jina likawa lake, kosa langu liko wapi?

Ya tatu: nani ameumia? Mnunuzi ni mtu mwenye hela zake, ameipenda picha, ameitundika ukutani, anafurahi. Lilanga amekufa. Mimi nimesomesha mdogo wangu.

Nilizibeba hoja hizi tatu mpaka siku moja nikaenda nazo Shimo la Mungu. Waliofika Newala wanapajua. Unatembea kwenye ardhi tambarare, mikorosho kulia na kushoto, halafu ghafla nchi inakatika. Chini kuna bonde kubwa linaloshuka kuelekea Mto Ruvuma, na ng'ambo ni Msumbiji. Ukisimama pale huna namna ya kujiona mkubwa. Nilikaa kwenye jiwe, nikazipitia hoja moja moja.

Hoja ya kuiga ilikuwa inasimama, lakini haikuwa inanitetea mimi. Mimi sikuulizwa kwa nini nimechora kama Lilanga. Niliulizwa kwa nini nimeandika Lilanga. Mtindo ni lugha, sawa, lakini jina si mtindo. Jina chini ya picha ni mtu anasema, "Haya nimeyaona mimi, nayajibia mimi." Ni ushahidi. Ukiongea Kiswahili cha mwalimu wako hujakosa, lakini ukienda mahakamani ukaapa kwa jina la mwalimu wako, umeshasema uongo hata kama Kiswahili chako ni fasaha.

Hoja ya wasaidizi ikaanguka kwa hiyohiyo. Fundi aliyeketi na wasaidizi wake anaitazama kazi, anakubali, anakataa, na akiweka jina anabeba lawama na sifa. Alikuwa hai kusema "hii hapana." Mimi nilimwekea jina mtu ambaye hawezi tena kusema hapana. Marehemu hana mdomo, ndiyo maana heshima ya marehemu iko mikononi mwetu.

Hoja ya tatu ilinichukua muda zaidi. Nani ameumia? Mnunuzi ameumia, hata kama hajui. Alitoa hela akiamini amekutana na mtu fulani, na mtu huyo hakuwepo. Watoto na wajukuu wa msanii wanaumia, maana kila picha bandia inawafanya watu wazitilie shaka zile za kweli. Lakini kuna mwingine aliyeumia ambaye sikuwa nimemtarajia, na huyo nilimgundua siku niliporudi kuchora zangu.

Nilikaa mbele ya ubao, brashi mkononi, nikajiuliza, "Lilanga angechora nini hapa?" Nikashtuka. Zamani swali langu lilikuwa, "Leo pale stendi kuna nini?" Nilitoka nje, nikaenda stendi. Nikaona watu. Watu tu. Sikuona kitu cha kuchora. Mama anabishana na kondakta juu ya kuku wake kama alipiwe nauli au la, jambo ambalo zamani lingenipa picha mbili, nikapita kama sijaona.

Hapo nikaelewa ile bodaboda. Lilanga alichora yale aliyoyaona katika mji wake na wakati wake. Kile nilichopokea kwenye kalenda ya mjomba ni macho ya kuangalia mtaa. Ili nimghushi, ilibidi nitoe kila kitu ambacho mtaa wangu ulikuwa umenipa, bodaboda, simu, barabara ya Masasi, maganda ya muwa. Nilichukua vidole vyake viwili na masikio yake makubwa, nikaacha macho. Niliiga kila kitu chake isipokuwa kile alichonifundisha.

Yakobo na ngozi ya mbuzi

Jioni hiyo nilisoma Mwanzo sura ya 27. Sikuitafuta, ilikuwa zamu yangu kuandaa tafakari ya jumuiya na nilikuwa nimechelewa. Mnaikumbuka hadithi. Isaka ni mzee, haoni. Yakobo anataka baraka ya kaka yake Esau aliyekuwa na malaika mwilini. Mama yake anamfunika mikono na shingo kwa ngozi za mbuzi. Baba anapouliza wewe ni nani, anajibu kwa jina la kaka yake. Mzee anampapasa, anashangaa: mikono ni ya mkubwa, sauti ni ya mdogo.

Nilipofika hapo nikafunga kitabu. "Dogo, mkono wako ni wa Lilanga kabisa." Nilisikia ile sauti ya Masasi kama inatoka nyuma yangu.

Yakobo alipata baraka. Hilo ndilo linalotusumbua katika hadithi hii, alidanganya na akapata. Lakini haikumpa amani. Ilibidi akimbie nyumbani, akaishi ugenini miaka mingi, na huko naye akadanganywa na mjomba wake. Halafu, katika sura ya 32, usiku, kwenye kivuko cha mto Yaboki, anashindana na yule asiyemjua mpaka alfajiri. Anaomba baraka. Na anaulizwa lile swali ambalo baba yake alimuuliza zamani: jina lako nani? Safari hii anasema jina lake mwenyewe. Yakobo. Ndipo anapobarikiwa na kupewa jina jipya. Anaondoka anachechemea.

Mimi si mtaalamu wa Maandiko, lakini nilivyosoma usiku ule ni hivi: Mungu alikuwa tayari kumbariki Yakobo tangu mwanzo. Alichokuwa anasubiri ni Yakobo aje kwa jina lake.

Kitubio, na kinachobaki

Jumamosi nilikwenda kuungama. Nilidhani Padre ataona ni jambo dogo, picha tu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza taratibu, "Mwanangu, hela iko wapi?" Nikamwambia imeshatumika. "Na picha ziko wapi?" Nikasema sijui zote, nadhani moja bado haijauzwa. Akanieleza jambo ambalo tunalisoma kwenye mafundisho lakini tunalisahau: Mungu anasamehe yote, bila mkopo. Lakini aliyechukua kwa udanganyifu anadaiwa kurudisha kadiri anavyoweza, na Zakayo hakusubiri kuambiwa. Akanipa kitubio, akanipa na kazi.

Nilimtafuta yule mfanyabiashara. Nilimwomba aziondoe sokoni. Akacheka. Mbili zilishakwenda, hakutaka kuniambia kwa nani. Ya tatu alikuwa nayo, akasema kama naitaka nimpe laki tano, kwa sababu hiyo ndiyo bei ya Lilanga. Nilimwambia, "Kaka, wewe unajua si ya Lilanga." Akasema, "Ninunulie kama ya Lilanga, au iache."

Ilinichukua msimu mzima wa korosho na ujenzi wa mabafu ya watu wawili. Nililipa. Mdogo wangu alipojua, alinuna wiki nzima, maana na yeye alikuwa na mahitaji. Sikuwa na la kumjibu zaidi ya kumwambia ukweli, na kumwambia mdogo wako kwamba godoro lake lilinunuliwa kwa uongo ni kazi ngumu kuliko kuungama.

Picha ile ninayo. Nilikwangua jina. Sikuandika langu mahali pake, kwa sababu picha ile si ya Lilanga, na kwa kweli hata yangu si. Mahali pa jina pamebaki doa jeupe.

Zile mbili ziko kwenye kuta za watu nisiowajua. Huwa nawaombea. Sijui kama kuwaombea kunatosha. Padre aliniambia nikipata nafasi ya kuwafikia nisikimbie, na hadi sasa nafasi hiyo sijaipata. Naandika haya pia kwa sababu hiyo.

Kwako wewe usiyechora

Labda unasema, mimi sina brashi, hili halinihusu. Ngoja. Wewe umewahi kuandika maneno ya mtu mwingine chini ya picha yako kwenye simu ukapokea sifa. Umewahi kutuma ripoti ya chuo aliyoiandika rafiki yako. Umewahi kutoa ushuhuda kwenye mkesha wa vijana, ushuhuda mzuri, wenye machozi, ambao uliusikia kwa mtu mwingine ukauvaa kama ngozi ya mbuzi. Au unaishi maisha ya mtu unayemfuatilia mtandaoni, unavaa kama yeye, unaongea kama yeye, na jioni ukibaki peke yako hujui wewe unapenda nini.

Kuwa na mtu unayemtazama si kosa. Kanisa limejaa watu wa kutazama, ndiyo maana tunachagua wasimamizi wa kipaimara na tunasherehekea watakatifu. Lakini waangalie watakatifu vizuri. Mtakatifu Kizito alikuwa kijana mdogo wa ikulu ya Buganda, akauawa Namugongo mwaka 1886. Mtakatifu Bakhita alitekwa Sudan, akauzwa utumwani, akamaliza maisha yake akiwa mtawa Italia, mlango wa konventi ukiwa kazi yake. Wote wawili walimfuata Kristo mmoja kwa moyo wote, na hakuna hata mmoja aliyekuwa nakala ya mwenzake. Kila mmoja alimfuata kwa jina lake, mahali alipowekwa.

Tumeumbwa kwa mfano wa Mungu. Nikiwa mtoto nilidhani maana yake ni sura. Sasa nadhani ni pamoja na hili: kwamba Mungu hakutuchora mmoja kisha akatunakili.

Siku hizi nachora tena. Ukiona picha zangu utasema ni za mtu aliyemwangalia sana Lilanga, na ni kweli, sioni aibu. Masikio bado ni makubwa. Nukta bado najaza. Lakini chini kuna jina langu, na bei imerudi elfu thelathini, thelathini na tano mwezi mzuri. Wiki iliyopita nilichora shetani mmoja amekaa mbele ya ubao, brashi mkononi, amefunikwa ngozi ya mbuzi mikononi, anatazama pembeni kama anayeogopa kuonwa. Yule mama wa jumuiya alipita akaiona. Akaiangalia, akacheka. Halafu akaniuliza, "Huyu ni nani?"

Nikamwambia.

Maswali ya kutafakari

Ni nani amenifundisha kuona? Je, nimewahi kumshukuru?

Kuna sifa, hela au cheo chochote ninachokifurahia leo kwa jina lisilo langu?

Ninadaiwa kurudisha nini, na kwa nani, hata kama nimeshaungama?

Tusali

Ee Bwana, unayemwita kila mmoja kwa jina lake, tunakushukuru kwa wote waliotutangulia wakatufungua macho. Wape pumziko waliokwisha kufa. Utusamehe pale tulipochukua kilicho chao na kukiita chetu, au kilicho chetu tukakificha nyuma ya jina lao. Utupe ujasiri wa kurudisha tunachoweza, na unyenyekevu wa kukuachia tusichoweza. Utakapotuuliza sisi ni nani, tusiogope kujibu. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.